Watoto Waambiwe Habari za Salamanda

Likizo iliyopita mdogo wangu mwenye umri wa miaka saba alimpiga mjusi kwa jiwe. Mkia ukakatika, ukawa unarukaruka peke yake, na watoto wakashangilia. Akaniuliza, "Kaka, utaota tena?" Nikamjibu kwamba utaota. Akauliza, "Na mguu je?" maana mguu nao ulikuwa umekatika. Sikuwa na jibu, nikamfukuza. Jambo hilo lanitia haya mpaka leo.

Niliporudi shuleni nilitafuta jibu. Mguu wa mjusi ukikatika hauoti mwingine. Lakini yuko mnyama aitwaye salamanda, ambaye mguu wake huota upya pamoja na mifupa, misuli na mishipa ya fahamu. Kwa umbo twaweza kumdhania mjusi, lakini sivyo. Hana magamba, ngozi yake ni laini na yenye unyevu, naye ni wa jamaa ya chura. Porini kwetu hayuko. Mashuhuri sana ni aksolotli wa Xochimilco, katika jiji kuu la Meksiko, aishiye majini maisha yake yote. Hata moyo wake ukijeruhiwa, hupona.

Zamani watu wa Ulaya walisadiki kwamba salamanda huzaliwa motoni. Kumbe alijificha ndani ya magogo, na gogo likitiwa motoni alitoka akikimbiza roho yake! Sisi nasi twamwogopa kinyonga kwa hadithi za namna hiyo hiyo, na watoto wetu humwua.

Wengine watasema mtoto afundishwe hesabu, ya nini habari za wanyama wa mbali? Nami nasema mtoto aliyekwisha kustaajabia kiumbe hamtupii jiwe upesi. Tena ajabu hiyo haimwokoi aksolotli na kila hatari. Maji machafu na samaki wa kigeni walioletwa na watu vimemfanya awe adimu sana huko kwao.

Kwa hiyo, wenzangu wa kidato cha nne, tukienda nyumbani tusiwafukuze wadogo zetu wanapouliza. Tuwajibu, na tusipojua tutafute. Likizo ijayo nitamweleza mdogo wangu habari za salamanda, kisha nitamwambia kweli kwamba yule mjusi wetu mguu wake hautaota.