Kipindupindu hakingoji majibu ya maabara

Mgonjwa wa kipindupindu asiyetibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Maabara, yenyewe, inahitaji siku: choo cha mgonjwa kinatiwa kwenye kichupa, kinasafirishwa, kisha bakteria wanaoteshwa kwa siku mbili hivi kabla ya jibu kutoka. Barabara ikifungwa na vita, hesabu inaongezeka.

Siku hizo zote watu wanaendelea kuchota maji ziwani. Bidoni zinapakiwa kwenye chukudu, zinaingia kwenye avenyu, na mama anapikia watoto.

Ndiyo maana kila kituo cha afya kando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, kutoka Goma na Minova hadi Uvira na Kalemie, kinapaswa kuwa na vipimo vya haraka. Ni kijikaratasi kinachochovywa kwenye choo cha mgonjwa. Baada ya dakika kama 15 au 20, mistari inaonyesha kama kuna alama za Vibrio cholerae. Hakidai umeme wala darubini.

Wapo wanaosema muuguzi mzoefu anaitambua kolera kwa macho. Mara nyingi ni kweli, na hakuna anayeruhusiwa kungoja kipimo ndipo ampe mgonjwa maji ya chumvi na sukari au serumu. Lakini kipimo hiki si cha yule aliyelala kitandani. Ni cha jirani zake. Jibu likitoka asubuhi, mtia klorini anaweza kusimama ufukweni jioni hiyo hiyo.

Kina upungufu, tena si mdogo. Kinaweza kukosea, na hakisemi ni antibiotiki gani bado inafanya kazi. Kwa hiyo vichupa viendelee kwenda maabara. INRB inayo hapa hapa Goma, si lazima kila kitu kipande ndege hadi Kinshasa.

Goma hatuhitaji kuelezwa kolera ni nini. Julai 1994 iliua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Rwanda katika majuma machache. Tangu hapo imekuwa ikirudi, na kila mara tunasubiri mashirika yalete vifaa wakati wagonjwa wamekwisha kujaa chini ya mahema. Wizara ya afya inunue vipimo mapema na kuvifikisha vituoni kabla ya mvua. Wabunge wetu wa Kivu na Tanganyika, bajeti ijayo ikifika mezani, waulize: fungu hilo liko wapi?