Alerti zinapanda, majibu hayashuki

Vijana wenzetu wa Butembo, Beni, Oicha, Mutwanga na Kasindi,

Hapa kwetu, kabla jeshi halijajua, kabla redio haijasema, kabla mtu wa Goma ama Kinshasa hajaandika kitu kwenye X, kuna mkulima mmoja aliyekwisha kujua. Aliona nyayo za mabuti ndani ya kakao yake. Ama ni mama aliyekuta majivu yangali na joto kando ya mto, pahali ambapo hakuna mtu wa kijiji anayepika. Ama ni motari aliyeombwa kubeba chumvi na madawa usiku na mtu asiyetaka kuonyesha uso. Hao njo chanzo. Karte zote, ripoti zote, mikutano yote ya usalama inaanzia kwao, hata kama majina yao hayaandikwi popote. Na ni vizuri yasiandikwe, tutarudia jambo hilo.

Swali letu ni moja: neno la yule mkulima linakwenda wapi, na juu ya nini halirudi?

Njia ziko nyingi. Anaweza kumwambia shefu wa lokalite. Shefu anapeleka kwa grupema, grupema inapeleka kwa sektere ama shefri, paka kwa msimamizi wa teritware. Tangu 6 Mei 2021, siku eta de siej ilipoanza katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, anayeketi juu ya ngazi hiyo ni afisa wa jeshi ama wa polisi. Anaweza pia kupigia mtu wa shirika la raia, ambaye ana daftari lake na kundi lake la WhatsApp. Anaweza kuwa ndani ya rezo ya alerti ya MONUSCO: watu wa kijiji waliopewa telefone, na wasaidizi Wakongomani wanaofanya kazi na kambi za walinda amani ili kupeleka maneno ya raia kwa wakubwa wa kijeshi ambao wengi wao hawasemi Kinande wala Kifaransa. Neno linatoka Kinande, linakuwa Kiswahili, linakuwa Kifaransa, linafika kwa Kiingereza. Kila mlango linapopita, linapoteza dakika na linapoteza kitu kidogo cha maana yake.

Halafu kuna wale wanaohesabu. Mwaka 2017 Congo Research Group ya Chuo Kikuu cha New York pamoja na Human Rights Watch walianzisha Baromètre sécuritaire du Kivu. Wengi wetu tumeshashirikisha picha za karte ile bila kujua ilijengwa vipi. Kazi yenyewe ilifanyika huku chini, si New York. Mtafiti alisikia tukio, alipigia watu tofauti wasiotegemeana, alilinganisha maneno yao, ndipo tukio liliandikwa na tarehe, pahali, aina yake, na kundi lililoshukiwa kama lilijulikana. Waliandika mauaji ya makundi yenye silaha, waliandika pia yale ya watu wa serikali. Tunaiheshimu kazi hiyo. Lakini karte ilikuwa kwa Kifaransa na Kiingereza, ilikuwa kwenye intaneti, na nukta zake ziliwekwa pahali watu walikuwa wameshakufa ama wameshachukuliwa. Jina ni barometa, lakini barometa ya kweli inasema mvua kabla haijanyesha. Ile ni kumbukumbu. Tunahitaji kumbukumbu, ndiyo, siku moja mahakama itaihitaji. Mama wa Halungupa anayetaka kujua kama kesho aende shambani ama hapana, yeye anahitaji kitu kingine.

Kuna tena macho ya juu. Decemba 2013 MONUSCO ilirusha kutoka Goma drone zake za kwanza, zisizo na silaha. Oktoba 2014, hata mwaka haujatimia, mauaji ya Beni yakaanza. Hatusemi drone ingeyazuia. Tunasema tu kwamba drone inaona barabara, paa na magari, lakini chini ya miti minene ya Virunga kumwona mtu anayetembea kwa mguu na panga mkononi ni ngumu. Aliyemwona ni mkulima. Tunarudi palepale.

Sasa tulinganishe na kitu ambacho sisi wote tunakijua. Tarehe 1 Agosti 2018 walitangaza Ebola Mangina. Ilikwisha tarehe 25 Juni 2020, imeua watu zaidi ya 2.200. Hatusahau makosa ya ile ripost, wala pesa, wala hasira za watu, na kila mtu wa Butembo ana hadithi yake. Lakini muangalie alerti zilivyofanya kazi. Relé wa kartie anaona mgonjwa, anapiga telefone. Alerti inaandikwa, na saa yake. Timu inakuja kuchunguza. Inasema: ni kesi, ama si kesi. Kama ni kesi, wote waliomgusa mgonjwa wanaandikwa na kufuatwa siku 21. Kila siku hesabu inatoka, hata mtoto wa shule alikuwa anaijua.

Relé yuleyule leo anapiga telefone kusema ameona watu wenye silaha wanashuka kutoka mlimani. Telefone ni ileile, na barabara ni ileile ya matope. Nani anaandika saa? Nani anarudi kumwambia: tulikwenda, tulikuta hivi, ama hatukukuta kitu? Wakati mwingi anaambiwa "tumepokea", basi. Akipiga mara tatu bila kuona gari hata moja, mara ya nne anafunga mlango wake na kukimbiza watoto. Sisi hatumlaumu. Mtu analipa mayunite kwa pesa yake, anatembea kutafuta rezo juu ya kilima, anahatarisha shingo yake, halafu anapata "tumepokea".

Kwa wafu wetu ni vilevile. Baada ya Rwangoma, usiku wa 13 Agosti 2016, ndani kabisa ya mji wa Beni, tulisikia 36, kisha 42, kisha 51, na wengine walisema zaidi. Hesabu kupanda ni kawaida, maiti zinaendelea kupatikana porini. Ubaya ni kwamba kila mtu alishika namba yake na hakuna aliyeketi na mwenzake kulinganisha jina kwa jina. Familia ambayo mtu wake hakupatikana ilibaki nje ya hesabu zote.

Tulisema tutarudia jambo la majina. Anayetoa habari anaogopa pande mbili. Anaogopa wauaji, juu wanaweza kujua nani alisema. Anaogopa pia anayempokea: "wewe ulijuaje wanapita pale? unakula nao?" Swali hilo linatosha kumfanya mtu anyamaze mwaka mzima. Na katika eta de siej, raia anajua kwamba ofisi anayopelekea habari ina uwezo wa kumweka ndani. Novemba 2021 wanaharakati wa LUCHA walikamatwa hapa Beni wakiwa katika maandamano ya amani, na Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ikawahukumu mwaka mmoja gerezani. Mkulima aliona hayo. Haitaji kuelezwa na mwanasheria.

Pahali njia za kweli zinaziba, nafasi inajaa odio za WhatsApp. "Wameonekana, wako wengi, wanakuja, shirikisheni." Hakuna tarehe, hakuna kijiji, na wakati mwingine ni odio ya mwaka uliopita. Soko linafungwa, watu wanaangushana na moto barabarani, na siku ya hatari ya kweli hakuna anayeamini. Hapo kazi ni yetu, hakuna wa kumsingizia. Ukipokea odio, uliza: ni wapi, saa ngapi, nani aliona kwa macho yake? Tafuta mtu wa pili ambaye hakusikia kwa yule wa kwanza. Kama hakuna jibu, usipeleke mbele. Hata wale watafiti wa karte hawakuwa na uchawi mwingine kuliko huo.

Tunaomba viongozi wa kijeshi wa teritware na wa miji, pamoja na MONUSCO, waanze na kitu kidogo. Daftari moja la alerti kwa kila komine na kila grupema: siku na saa alerti ilipopokelewa, nani alitumwa, saa ngapi alifika, alikuta nini. Jina la aliyepiga lisiandikwe humo, namba ya alerti inatosha. Yale ambayo hayaharibu operesheni za jeshi yabandikwe kwenye ubao wa komine kila Jumatatu, kwa Kiswahili, na yasomwe kwenye redio za hapa. Namba ya kupiga iwe ya bure, kama wakati wa Ebola. Kwa wafu, iwepo liste moja inayolinganishwa kila mwezi na shirika la raia, morgi, parokia na misikiti, na familia ziwe na haki ya kusahihisha.

Wakisema hakuna watu wa kuandika, jibu liko kwenye varanda za Butembo. Tuko hapa na lisansi zetu za informatike, za sheria, za afya ya jamii, tunangoja matangazo ya kazi ambayo hayatoki. Kushika daftari, kupiga telefone mara mbili na kulinganisha majina, hiyo tunaweza kuianza wiki ijayo. Barua iko tayari. Jumatatu tunaipeleka kwa meya wa Beni, meya wa Butembo na msimamizi wa teritware huko Oicha, na tutaandika juu yake saa ambayo kila ofisi imeipokea.