Uhandisi wa magari ya umeme usikomee darasani

MZAZI wa Chwele, Kaunti ya Bungoma, anayeuza mazao sokoni ili mwanawe akasomee uhandisi wa magari ya umeme ana haki ya kuuliza: akishafuzu, ataunda nini, na wapi?

Historia ina majibu mawili. Mwaka 1986, Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Nyayo Pioneer lilizinduliwa mwaka 1990, lakini fedha zilikosekana na halikuwahi kuundwa kwa wingi.

Ng'ambo ya mpaka, wanafunzi na wahadhiri wa Makerere walizindua Kiira EV, gari la umeme la abiria wawili, mwaka 2011. Serikali ya Uganda iliendelea kuufadhili mradi huo, hata ikazaliwa kampuni ya Kiira Motors, yenye kiwanda cha mabasi Jinja.

Vipaji vilikuwepo kote kuwili. Uganda ilishinda kwa kutoifunga hazina baada ya sherehe za uzinduzi.

Kenya ikigharamia shahada bila karakana, maabara za betri na viwanda, mzazi wa Chwele atakuwa amesomesha mhandisi wa kuajiriwa Jinja.