Kama Ni Laivu, Tuonyesheni Viraka

Leo naweka kando mambo ya Linux na hifadhidata. Kuna jambo linanikera na nitalisema bila kumung'unya maneno. Neno "laivu" kwenye jalada la albamu ya roki au hevi metali limekuwa kama neno "asilia" kwenye chupa ya sharubati. Linauza, lakini hakuna anayelazimika kutueleza ndani kuna nini.

Sisi watu wa programu tuna desturi moja nzuri. Ukigusa msimbo wa mwenzako, hata mstari mmoja, unaandika ulichobadilisha, lini na kwa nini. Toleo jipya likitoka, linafuatana na orodha ya mabadiliko. Hakuna anayeona haya kusema, "hapa palikuwa na hitilafu, tumeweka kiraka." Ninachodai ni kwamba rekodi za matamasha zifuate desturi hiyo hiyo.

Kwanza tuelewane jinsi rekodi hizi zinavyopatikana. Jukwaani, sauti ya kila maikrofoni na kila gitaa hugawanywa. Tawi moja linakwenda kwa fundi anayeusikilizisha umati, jingine kwenye spika ambazo wanamuziki wanajisikilizia, na la tatu kwenye mitambo ya kurekodi, ambayo mara nyingi huwa ndani ya lori nyuma ya jukwaa. Kila sauti inakaa kwenye njia yake: besi peke yake, mwimbaji peke yake, ngoma kubwa peke yake. Maikrofoni nyingine zinawaelekea mashabiki ili zinase kelele zao. Baadaye, studioni, njia hizo zote zinachanganywa ziwe mbili, ya kushoto na ya kulia.

Kuchanganya si kosa. Lazima mtu achanganye. Shida ni kwamba sauti ikiwa na njia yake, unaweza kuifuta na kurekodi nyingine miezi kadhaa baadaye, ukiwa studioni na kikombe cha chai mkononi. Kelele za umati zinabaki pale pale, kwa hiyo sikio la msikilizaji linaamini kila kitu kilitoka jukwaani siku ile.

Unadhani natia chumvi? Judas Priest walitoa albamu ya laivu ya Tokyo mwaka 1979, Unleashed in the East. Rob Halford mwenyewe alikuja kukiri kwamba aliimba upya studioni. Mashabiki wakaibandika jina la utani, wakaondoa neno la "Mashariki" na kuweka la "Studio". Albamu ni tamu, sikatai. Lakini mnunuzi wa 1979 aliambiwa nini dukani? Hakuambiwa kitu.

Hiyo ilikuwa ya kumbi. Tuje kwenye mama wa matamasha yote, Woodstock, jimbo la New York, Agosti 1969. Albamu ya kwanza ya tamasha hilo ilitoka 1970. Ndani yake kuna Sea of Madness ya Crosby, Stills, Nash & Young. Wimbo huo haukurekodiwa Woodstock. Ulirekodiwa katika ukumbi wa Fillmore East, mjini New York, kisha ukapachikwa humo kana kwamba ulipigwa mbele ya umati ule ule.

Kuongeza ni baya. Kufuta ni baya zaidi. Jimi Hendrix alipanda jukwaa la Woodstock asubuhi ya Jumatatu, tarehe 18 Agosti, na hakuwa na watu wawili tu nyuma yake. Alikuwa na mpiga gitaa wa pili, Larry Lee, na wapigaji ngoma za mkono wawili, Jerry Velez na Juma Sultan. Ndiyo, Juma, Mmarekani mwenye jina ambalo kila msomaji wa Kiswahili analijua. Sikiliza matoleo rasmi ya onyesho hilo uniambie unawasikia mara ngapi. Gitaa la Lee limeshushwa hadi karibu lipotee, ngoma za akina Juma zimezikwa, na nyimbo ambazo Lee aliongoza kuimba ziliachwa nje. Hata mwaka 2019, lilipotoka sanduku la CD 38 lililokusudia kukusanya karibu kila noti iliyopigwa Woodstock, nyimbo mbili za onyesho la Hendrix hazikuwemo.

Fikiria jambo hilo. Mtu alipanda jukwaa linalotajwa kuliko yote katika historia ya roki, akapiga gitaa, na kidole cha mtu mmoja kwenye meza ya mitambo kikamfanya kama hakuwepo. Huo si usafi wa sauti. Ni kuandika historia upya.

Kuna wanaosema, "Wewe unataka muziki au unataka ushahidi wa mahakamani?" Nataka vyote viwili, na nina sababu. Kijana wa Hamburg akitaka kujua bendi fulani ilivyopiga Wacken, anaweza kupanda treni akaenda mwenyewe. Shabiki wa hevi metali wa Nairobi au Mombasa anahitaji viza, tiketi ya ndege, na fedha ambazo zingelipa karo ya muhula. Kwa hiyo kwetu sisi rekodi ndiyo tamasha lenyewe. Hatuna kumbukumbu nyingine ya kulinganisha nayo. Anayetudanganya kwenye rekodi ametudanganya kila kitu.

Utetezi wa pili una uzito zaidi: maikrofoni hukatika, mvua hunyesha, mwimbaji huwa na mafua, na bendi ina haki ya kulinda jina lake. Nakubali. Bendi ina haki hata ya kutotoa rekodi kabisa. Mwaka 2000, Pearl Jam walitoa rekodi za takriban ziara yao nzima, albamu 72. Onyesho lao la tamasha la Roskilde, Denmark, la tarehe 30 Juni, hawakulitoa. Watu 9 walipoteza maisha kwa msongamano mbele ya jukwaa. Hakuna mtu mwenye utu anayewadai kanda hiyo. Lakini kunyamaza si kudanganya. Ukiamua kutoa, sema umetoa nini.

Tena msiniambie haiwezekani. Metallica, wale wale walioishtaki Napster mwaka 2000, walianzisha mwaka 2004 huduma ya kuuza rekodi za maonyesho yao muda mfupi baada ya kupigwa, kwa MP3 na kwa FLAC. Siku chache hazitoshi kurudia albamu nzima studioni. Noti iliyokosewa inabaki imekosewa, na mashabiki wananunua vilevile.

Na kwa nini nasisitiza FLAC? Kwa sababu muundo huo unabana faili bila kutupa hata biti moja, wakati MP3 inatupa kile inachodhani sikio halitakikosa. CD inabeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 ni kama moja ya kumi na moja ya hizo. Wimbo wa gitaa moja na sauti moja unaweza kustahimili. Umati wa tamasha hauwezi. Makofi ya maelfu ya watu ni maelfu ya milipuko midogo isiyo na mpangilio, na hiyo ni miongoni mwa sauti ngumu kabisa kubana. Ongeza matoazi ya hevi metali, na unachosikia ni kama maji yanayochuruzika kwenye bati.

Kisingizio cha nafasi nacho kimekufa. Piga hesabu nami. Njia moja ya sauti, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24 kila sampuli, ni baiti 144,000 kwa sekunde. Zidisha kwa njia 48 na dakika 90. Unapata takriban gigabaiti 37. Onyesho zima, kila ngoma na kila gitaa, linaingia kwenye flashi ya gigabaiti 64 inayouzwa Luthuli Avenue, na nafasi inabaki.

Jambo hili lina haraka kuliko zamani. Tangu 2019, Deezer walipotoa programu huria ya Spleeter, mtu yeyote mwenye tarakilishi anaweza kuchukua wimbo uliokwisha kuchanganywa na kuutenganisha: sauti huku, ngoma kule, besi kule. Sasa kuna programu zinazoiga hata sauti ya mwimbaji. Zamani kuweka kiraka kulihitaji studio na fedha. Leo kunahitaji mchana mmoja. Tusipodai uwazi sasa, mjukuu wako atasikiliza "laivu" ya tamasha ambalo halikuwahi kufanyika.

Madai yangu ni manne, na hakuna hata moja lililo gumu:

1. Kila albamu ya laivu iwe na orodha ya mabadiliko. "Wimbo wa 3: sauti imerekodiwa upya. Wimbo wa 7: umetoka onyesho jingine." Mistari miwili inatosha.

2. Tarehe na mahali pa kila wimbo viandikwe, hata kama ni nyimbo za usiku mmoja.

3. Iuzwe kwa FLAC, si MP3 peke yake.

4. Njia ghafi zihifadhiwe bila kuguswa, katika nakala zaidi ya moja na mahali zaidi ya pamoja, ili akina Larry Lee wa kesho wasifutwe milele.

Sidai bendi zipige bila kukosea. Gitaa lililotoka nje ya wimbo mbele ya watu laki moja lina uhai kuliko lile lililonyooshwa na mashine. Wanaotaka usafi wana albamu za studio. Sisi tulionunua laivu tumelipia ajali pamoja na ushindi. Kwa hiyo, mabwana wa studio, shoneni viraka mpendavyo, lakini msituuzie kanzu yenye viraka mkisema imetoka kwa fundi leo asubuhi.