Simu yako haioni ndani ya silinda

Nimepotea kidogo, na sababu mtaijua. Leo siandiki kuhusu kompyuta, ila kuna programu moja itatajwa, ile niliyoiamini kupita kiasi.

Wengi wetu tunaocheza na teknolojia tunacho kile kidude cha ELM327. Unakichomeka chini ya usukani, unakiunganisha na simu, na gari linaanza kukumwagia namba: mizunguko ya injini, joto la maji, hitilafu zilizohifadhiwa. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni raha tupu. Kwa hiyo nilipoenda kununua Fielder iliyotumika, nilibeba kidude mfukoni na fundi nikamwacha gereji. Hitilafu: sifuri. Nikalipa.

Wiki ya tatu, asubuhi ya baridi, injini ikawaka ikitetemeka kama ina homa, ikatulia baada ya sekunde kumi hivi. Kesho yake vivyo hivyo. Maji ya rejeta yakawa yanapungua na chini hakuna hata tone. Kumbe gasketi ya silinda hedi ilikuwa inapitisha maji, na usiku yalichuruzika polepole hadi ndani ya silinda ya kwanza. Kufungua, kusawazisha hedi, gasketi mpya, boliti na kazi ya fundi: shilingi 47,000.

Pesa iliniuma, lakini kuna kilichoniuma zaidi. Data ilikuwepo! Simu ilikuwa imehifadhi namba za siku ile, na nilipozifungua tena usiku mmoja nilijiona mjinga. Nilipofika kwa muuzaji, gari ambalo nilielezwa halijawashwa tangu jana, maji ya injini yalikuwa nyuzi 71. Injini iliyolala usiku kucha huwa na joto karibu sawa na la hewa. Hii ilikuwa imepashwa moto kabla sijafika, na ule mtetemeko wa baridi nisingeuona hata ningekaa pale mchana kutwa.

Halafu kuna PID 31. Hii ni namba ambayo magari mengi hutoa ukiiomba, inayosema gari limetembea kilomita ngapi tangu kumbukumbu ya hitilafu ifutwe. Yangu ilisema 6. Kilomita sita! Na mimi nilikuwa nimefurahia faili tupu bila kuuliza nani kalifuta. (Kwa haki, kuchomoa betri nako kunaweza kurudisha namba hiyo sifuri, kwa hiyo sitasema muuzaji alifanya nini. Nasema tu kwamba ningemuuliza.)

Basi msimamo wangu ni huu, na najua wenzangu wa vidude hawataupenda: kama unanunua gari lililotumika na injini yake haijapimwa kutoka ndani, hujakagua chochote. Kompyuta ya gari inajua kile tu ambacho vihisio vyake vinaona. Hakuna kihisio kinachotazama ringi za pistoni, wala kinachogusa beringi za kranki. Injini inaweza kuchoka kabisa na taa ya dashibodi isiwake.

Fundi aliyenitengenezea gari alicheka nilipomwonyesha simu. "Bosi, hiyo inasoma barua tu. Mimi nataka kumwona mgonjwa." Akatoa plagi zote nne, akafunga geji ya kompresheni, akanikalisha kwenye usukani nikanyage mafuta hadi mwisho huku naizungusha injini kwa stata.

Hapa kuna jambo ambalo sijaona likiandikwa sana kwa Kiswahili. Kitabu cha Toyota cha injini ya 1NZ-FE, ile iliyomo kwenye Probox na Fielder nyingi hapa kwetu, kinataka psi 213 kwa kila silinda, isipungue 156, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi 14. Lakini Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa huku ni kama asilimia 82 tu ya ile ya Mombasa. Injini nzima kabisa yenye kusoma 213 kule pwani itasoma kama 175 ikipanda huku. Nimesikia watu wakikataa gari zuri kwa sababu hiyo, na wengine wakipunguziwa bei kwa ujanja huo huo. Linganisha silinda na silinda. Moja ikiwa 170 na jirani yake 130, hapo pana neno. Mimina oili kijiko kimoja ndani ya ile dhaifu upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Ikibaki palepale, shaka inahamia kwenye valvu au gasketi.

Kipimo ninachokipenda zaidi, pengine kwa sababu kinafanana na kutafuta kosa kwenye programu, ni kile cha kusukuma hewa ya kompresa ndani ya silinda pistoni ikiwa juu kabisa, kisha kusikiliza inatorokea wapi. Ikilia kwenye egzosi, ni valvu ya kutolea moshi. Ikilia kwenye mdomo wa kuingizia hewa, ni valvu ya upande ule. Ikitokea kwenye kifuniko cha oili, ni ringi. Mapovu yakipanda kwenye rejeta, usilipe. Kuna pia kamera ndogo za kuchungulia kupitia tundu la plagi. Kichwa cha pistoni kikiwa kimoja kinang'aa na vingine vyeusi, usisifu usafi. Mvuke wa maji ndio umekisugua.

Beringi hazionekani kwa vipimo hivi. Kwa hizo, sikiliza injini ikiwa baridi, na mwombe fundi apime presha ya oili injini ikishapata moto, kwa geji yake, si kwa taa ya dashibodi.

Najua jibu la wengi: ikifa tutaweka injini ya ex-Japan. Sawa, ila hiyo nayo imetumika na ndani yake hujaiona, kisha namba ya injini lazima ibadilishwe kwenye rekodi za NTSA. Unatatua tatizo kwa kununua nakala ya tatizo.

Jumamosi iliyopita binamu yangu aliniomba nimsindikize kuona Probox. Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi bila kupiga simu ya pili, mimi na kidude, fundi na sanduku lake. Maji nyuzi 16, hewa nyuzi 15. Vizuri. Fundi akaomba ruhusa atoe plagi, gharama juu yetu. Mwenye gari akasema plagi za gari lake haziguswi na mtu. Binamu alinitazama, tukamshukuru mzee kwa muda wake, tukaenda kunywa chai.