Mzinga wa Fort Jesus na wapagazi wa Bungoma

Ukitoka Kitale ukavuka mpaka pale Suam, ukaendelea na safari hadi Jinja, utakuta mzinga mkuukuu umewekwa nje. Sisi wa Mombasa tuna nduguye pale Fort Jesus. Wa tatu uko Pretoria, kwenye Union Buildings. Yote mitatu ilitoka kwenye manowari moja ya Kijerumani, Königsberg.

Historia ya manowari hiyo tunaipenda. Tarehe 20 Septemba 1914 iliivamia Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja na kuizamisha, kisha ikajificha kwenye mikoko ya Rufiji hadi Waingereza walipoiharibu Julai 1915. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake kumi, wakaipeleka Dar es Salaam na kuitia magurudumu ili ipigane nchi kavu.

Hapo ndipo wasimulizi wengi hukimbia, na mimi hapo ndipo ninapotaka kusimama. Mzinga wa meli haukuundwa kwenda porini. Ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o. Waliouvuta ni watu, mamia kwa mzinga mmoja, kwa kamba, kwenye matope na vilima.

Upande wa Waingereza hali ilikuwa ile ile. Walikusanya wapagazi kwa laki, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo tulilolifanya Kariakoo. Wengi walitolewa magharibi ya Kenya, ikiwemo wilaya ya North Kavirondo, ambayo Bungoma ya leo ilikuwa sehemu yake. Makadirio ya wapagazi wa upande huo waliofariki yanapita 90,000, na njaa, malaria na kuhara damu viliwaua wengi kuliko risasi. Pwani nayo haikusalimika: Wagiriama walioinuka 1914, vuguvugu la Mekatilili wa Menza, walipigwa, wakatozwa faini, na wakadaiwa wanaume wa kwenda kubeba mizigo ya vita.

Chuma kimehifadhiwa miaka mia na zaidi. Je, watu?

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Radhi ni jambo jema, lakini haisomeki kwenye jiwe lolote kule Bungoma.

Wapo wanaosema vyuma vya wakoloni viondolewe. Sikubaliani nao. Ukiuondoa mzinga, utakuwa umeondoa na ushahidi wa waliouvuta. Lakini kuuacha uwe pambo la kupigia picha nako ni kumpa mshindi ngawira yake mara ya pili (na ngawira ndiyo ilivyokuwa, ndiyo maana iligawanywa Mombasa, Jinja na Pretoria).

Ombi langu kwa Makumbusho ya Taifa na kwa kaunti za Mombasa, Kilifi, Bungoma na Trans Nzoia ni dogo, wala halihitaji mfadhili. Kando ya mzinga uwekwe ubao mkubwa wa Kiswahili unaoeleza nani waliuvuta na nani walikufa. Kisha wazee waulizwe vijijini, huku Ganze na kule Bungoma, babu gani walichukuliwa wakati wa Kariakoo wasirudi. Majina yatakayopatikana yaandikwe hapo hapo, na nafasi iachwe kwa yatakayofuata.