KIOO CHA LAPTOPU: TUSICHAGULIWE GIZANI



Juma lililopita makarani wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini Mombasa waliitwa ghorofa ya juu, katika chumba cha mikutano, wakaonyeshwa laptopu mbili. Kampuni yataka kununua mpya kwa idara nzima, nazo zitakaa mezani miaka minne au mitano. Bei zilikuwa karibu sawa, nguvu sawa, ukubwa sawa. Tofauti ilikuwa moja tu. Ya kwanza kioo chake kilikuwa cha kung'aa kama kioo cha kujitazamia. Ya pili kioo chake hakikung'aa. Kilikuwa kama kilichopakwa vumbi jembamba. Mapazia yalikuwa yamefungwa, mashine ya baridi yavuma, na katika laptopu zote mbili iliwekwa picha ya ua jekundu. Bwana wa ununuzi akauliza, "Mwapenda ipi?" Mikono ikapanda kwa ile ya kung'aa. Ikaandikwa kwamba wafanyi kazi wenyewe wamechagua.

Sisi wa kamati tulikuwemo chumbani, wala hatutaficha: baadhi yetu tuliinua mkono pia. Ua lile lilikuwa zuri. Nyekundu yake ilikuwa nyekundu kweli, na nyeusi ya pembeni nyeusi kama makaa. Ile laptopu ya pili ilionekana kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Lakini tulipokuwa tukishuka ngazi, mwenzetu mmoja akauliza swali lililotunyamazisha sote: "Nani kati yetu hulipwa kwa kutazama maua?"

Hakuna. Makarani wa idara hiyo hulipwa kwa kusoma namba. Kila kontena lina herufi 4 na tarakimu 7, na karani huzisoma namba hizo tangu asubuhi hadi jioni, kutoka kwenye kioo hadi kwenye karatasi na kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kioo. Tarakimu ya mwisho iliwekwa makusudi ili kukamata makosa, lakini yafaa pale tu kompyuta inapoihesabu. Katika orodha iliyochapwa hivi hivi, haisemi neno.

Tena kazi hiyo haifanywi katika chumba cha mapazia. Yafanywa chini, katika ofisi inayoelekea Kilindini, yaani magharibi. Meza zimepangwa hivi kwamba karani hukaa mgongo wake ukielekea dirisha. Dirisha sharti liwe wazi, kwani upepo wa baharini ndio feni yetu. Mashine ya baridi iko juu kwa wakubwa. Ukifunga pazia umefunga na hewa, na kufika saa nane mchana shati limeshika mgongoni. Basi dirisha huwa wazi, na tangu saa nane hadi saa kumi na moja jua la Kilindini huingia moja kwa moja na kukaa juu ya kioo cha laptopu. Juu darini kuna taa za tyubu, nazo pia huonekana ndani ya kioo, mistari miwili myeupe iliyolala juu ya orodha.

Laptopu za sasa katika idara hiyo ni za kioo cha kung'aa. Mwaka jana karani mmoja alinakili 3 mahali pa 8. Kontena likatafutwa lisikolala, siku zikapita, gharama za kulihifadhi zikaongezeka, mwenye mzigo akaja juu. Karani akapewa barua ya onyo, na barua ile imo katika faili yake hata leo. Aliulizwa maswali mengi sana. Hakuna aliyemwuliza kioo chake huonyesha nini saa tisa alasiri.

Sasa tuseme jambo lenyewe lilivyo, kwa maana wengine wadhani ni mambo ya kupenda na kutopenda, kama rangi ya shati.

Kioo cha kawaida kisichopakwa kitu hurudisha kama sehemu 4 katika 100 za nuru inayokipiga. Mtu atasema sehemu 4 ni kidogo. Haya, tuhesabu. Mwangaza wa kioo hupimwa kwa niti, na laptopu nyingi za ofisini hutoa niti 250 au 300 zikiwashwa mpaka mwisho. Mbingu ya mchana inayoonekana dirishani huweza kufika niti 5,000 na kupita. Sehemu 4 katika 100 za 5,000 ni 200. Maana yake ni kwamba dirisha linalorudi kutoka kwenye kioo lina mwangaza unaokaribia ule wa karatasi nyeupe unayojaribu kuisoma juu yake. Namba nyeusi huwa ya kijivu, na 8 hupoteza ubavu wake mmoja ikawa 3.

Tena liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Sura ya dirisha ndani ya kioo cha kung'aa haikai juu ya kioo pale pale. Jicho huiona kama iko mbali, nyuma ya kioo, umbali ule ule wa dirisha lilipo nyuma yako. Kwa hiyo jicho lavutwa na vitu viwili: namba zilizo karibu, na dirisha lililo mbali. Ndiyo sababu ya kichwa kuuma jioni. Na mtu asiyetaka kuliona dirisha hufanya nini? Huinama, hupinda shingo, husogea pembeni mwa kiti, akakaa hivyo saa nzima. Mkiingia ofisi ile saa tisa mtaona makarani wote wameinamia upande mmoja kama minazi.

Kioo kisichong'aa hakimezi nuru, wala tusidanganyane. Uso wake umekwaruzwa kwa mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa jicho, na nuru ikiupiga hutawanyika huku na huku badala ya kurudi kama sura. Badala ya dirisha lenye pembe nne na mtu apitaye nje, waona weupe hafifu usio na umbo. Jicho halina cha kukimbilia pale. Rangi hupungua kidogo, ndiyo, na nyeusi si nyeusi sana. Lakini namba husomeka.

Hatusemi kwamba kioo cha kung'aa hupofusha watu. Huo ni uvumi, na chama kikianza kusema uvumi hakitasikilizwa kikisema kweli. Twasema huchosha, huumiza shingo, na huleta makosa ambayo gharama yake humwangukia karani.

Wala hatusemi kila mtu achague kisichong'aa. Mwanachama anayetengeneza picha au filamu, anayefanya kazi katika chumba ambacho nuru yake aweza kuitawala, huyo kioo cha kung'aa kitamfaa, kwa sababu huonyesha rangi kwa uwazi zaidi. Vioo visivyong'aa, hasa vile vyenye maandishi madogo makali, huwa na chembechembe kama sukari zinazomeremeta kwenye sehemu nyeupe, na wengine hukerwa nazo. Na wale wa kuhesabu mizigo nje, juani kabisa, hao wasikimbilie neno "kisichong'aa" peke yake. Jua likikipiga kioo hicho moja kwa moja, weupe ule uliotawanyika hukifunika chote kama ukungu, wala hakuna pembe ya kuukwepa. Mtu wa nje na atazame niti kwanza, 400 au zaidi, ndipo aulize aina ya kioo.

Viko pia vioo vya kung'aa vilivyopakwa dawa ya kupunguza nuru inayorudi. Ni vizuri, ila huongeza bei, na ile laptopu tuliyoonyeshwa haikuwa nayo. Twajua, kwa sababu ilipozimwa tulijiona mpaka meno.

Hicho ndicho kipimo tunachowapa wanachama wanaonunua laptopu zao wenyewe kwa mkopo wa ushirika, na mwaka huu ni wengi, kwa ajili ya watoto wanaoingia chuo. Msitazame picha ya dukani. Picha ile huwekwa na mtu anayejua kazi yake. Mwombe mwenye duka aizime laptopu, ukae mgongo kwenye mlango, utazame kioo cheusi. Ukiona uso wako wazi, na barabara na matatu ipitayo nyuma yako, hicho ni cha kung'aa. Ukiona kivuli tu, hicho sicho. Katika karatasi za Kiingereza zinazofuata laptopu tafuta neno "matte" au "anti-glare". Nyingi za kuguswa kwa kidole ni za kung'aa, kwa hiyo mtu akiisifu laptopu kwa kuguswa, uliza tena juu ya kioo. Mkopo wa miezi 24 ni mrefu kwa mtu anayejitazama uso kila siku badala ya kusoma.

Aliye nayo tayari asiitupe. Iko karatasi nyembamba ya plastiki ya kubandika juu ya kioo, isiyong'aa. Hupunguza ukali wa picha kidogo lakini yasaidia. Na dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kuigeuza meza ili dirisha liwe ubavuni, lisiwe nyuma wala mbele ya macho. Jambo hili tuliliomba kwa ajili ya idara ile. Tulijibiwa kwamba soketi za umeme ziko ukuta wa pili.

Wengine watasema, "Chama kizima chashughulika na vioo? Mshahara je?" Ya mshahara yako mezani na hayajasahauliwa. Lakini wafanyi kazi wa ofisi wa Sweden, katika shirikisho lao liitwalo TCO, hawakuona haya kushughulika na vioo. Mwaka 1992 walitoa alama yao wenyewe ya kompyuta, TCO'92. Siku zile hofu kubwa ilikuwa nguvu za umeme na sumaku zitokazo kwenye vioo vya zamani vyenye mirija mikubwa, pamoja na umeme uliopotea bure. Baadaye wakaongeza masharti juu ya namna picha inavyoonekana kwa macho. Watengenezaji wa nchi za mbali waliitafuta alama hiyo, na hata leo vyombo vingi huuzwa vikiwa nayo. Ilianzishwa na watu waliokaa mbele ya vioo, wala si watu waliovinunua.

Nchi za Ulaya nazo mwaka 1990 zilipitisha agizo kwamba kioo cha kazini kisiwe na nuru ya kurudi inayoweza kumsumbua anayekitumia, na Uingereza ikatunga kanuni zake mwaka 1992. Hapa kwetu tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Yataka mwenye kazi achukue hatua ili mahali pa kazi na vyombo vimfae mfanyi kazi, na kila mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Idara ile ina watu zaidi ya hao. Kamati ipo, kwa jina, imebandikwa ukutani karibu na ndoo ya mchanga. Katika habari ya laptopu hizi haikuitwa hata mara moja.

Na asidhani mtu kwamba watengenezaji wenyewe hawajui. Mwaka 2008 Apple ilipoibadilisha MacBook Pro yake ya inchi 15, iliitoa kwa kioo cha kung'aa tu. Mwaka 2009 ikarudisha kisichong'aa kwa mwenye kuongeza dola 50. Mwaka 2024 ikaleta tena kioo cha namna hiyo katika MacBook Pro, mara hii kwa dola 150 za nyongeza. Kitu kisichotakiwa na mtu hakiuzwi kwa nyongeza. Laptopu mbili tulizoonyeshwa sisi zilikuwa bei karibu moja, basi hata udhuru wa fedha haupo.

Bwana wa ununuzi si adui yetu. Aliuliza, na wengi katika kazi yake hawaulizi. Kosa lake ni kwamba aliuliza mahali pasipo kazi, saa isiyo ya kazi, kwa picha isiyo ya kazi. Kura iliyopigwa pale twaiomba ihesabiwe kuwa ilihusu ua.

Tumemwandikia meneja barua siku ya Jumatatu. Ombi letu ni dogo. Laptopu zote mbili ziwekwe chini, kwenye meza ya dirishani, saa nane mchana, dirisha likiwa wazi na taa zikiwaka, mwangaza wa vioo ukiwa sawa. Makarani wawili, kila mmoja anakili namba 50 za makontena kwenye laptopu ya kwanza, kisha wabadilishane na kunakili nyingine 50. Makosa yahesabiwe na dakika zihesabiwe, mbele ya kamati ya usalama na afya. Kioo cha kung'aa kikishinda, sisi wenyewe tutaandika kwamba kimeshinda, na mtasoma hapa hapa. Tumeomba pia kwamba barua ya onyo ya yule karani isomwe upya baada ya jaribio hilo, kwa maana alinakili namba ile kwenye meza ile ile, saa ile ile.

Mpaka tunapopiga chapa karatasi hii, oda haijatiwa sahihi. Meneja amejibu kwa mdomo kwamba Alhamisi yawezekana. Wanachama wa idara hiyo walio tayari kukaa mezani siku hiyo wawape wajumbe majina yao kabla ya Jumatano jioni. Twataka mmoja awe wa zamu ya asubuhi na mwingine wa zamu ya mchana, na mwenye kuvaa miwani aje nayo.